Dawa Iliyomkohoza Mama

11 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kola za mashati ya watu bado zinakaa wima mikononi mwako. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu. Ile blauzi uliyomshonea bado anaitoa kabatini kuwaonyesha wageni, hata wasioiulizia. Mama ni mzima, na mdomo wake ni mzima kupita kiasi.

Jana ilikuwa siku yake ya daktari. Unakijua kile kilima cha kwenda zahanati. Siku hizi tunapumzika mara mbili, penye bomba la maji na kwenye ngazi za duka la rangi. Mama hakubali kwamba amechoka. Anasema, "Ngoja niangalie bei ya rangi." Mwaka wa kumi na mbili huu anaangalia bei ya rangi, na ukuta wetu ni ule ule.

Daktari Taratibu alimkalisha, akampima presha mkono wa kulia kisha wa kushoto, akamtoboa kidole kupima sukari, akamvua viatu na kumkagua nyayo mpaka katikati ya vidole. Halafu akavuta ile droo ya mbao akatoa kadi yake. Sasa si kadi tena, ni kitabu, amezishona pamoja kwa uzi. Akasoma, akauliza, "Chumvi umeongeza?" Mama akasema hajaongeza hata chembe. Daktari akanigeukia mimi. Nikatazama dari. Basi akampandishia dawa moja, akamwambia arudi mwezi ujao tarehe hii hii, na mimi nikaitwa msaliti kutoka zahanati hadi mlangoni kwetu.

Ile ada ya daktari ya miezi mitatu uliyotuma Oktoba inaishia mwezi huu. Ukijaliwa, tuma ya mitatu mingine. Dawa zenyewe nanunua mimi. Viti vyangu vyote viwili vinapata vichwa vya kunyoa, kwa hiyo sina malalamiko.

Mama anataka barua ndefu. Anasema simu ya posta ni ya watu wenye haraka, na yeye hana.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, siku zimenipita bila kuaga. Namshukuru Mungu mimi ni mzima. Msalimu sana Mama, mwambie nakula na nalala. Msalimu na wifi. Nimehama chumba, kwa hiyo tumia anwani iliyo nyuma ya bahasha. Usiandike tena kupitia kiwandani, barua zinapotea pale.

Kuanzia hapa usimsomee Mama.

Nimeifikiria sana ile ada. Kila mwezi tunamlipa mtu ili atuambie Mama hajambo. Kwamba hajambo si tunamwona wenyewe? Nani anapeleka kiatu kizima kwa fundi? Dawa zake ni zile zile, majina yameandikwa kwenye vikopo, unaweza kuzinunua duka lolote la dawa. Siku akiumwa, Mungu apishe mbali, mpeleke hospitali kubwa kwenye mabingwa na mashine, na hiyo siku tutalipa mara moja tukamaliza. Hapa nyumba ya pili kuna bibi wa miaka themanini, hajawahi kuwa na daktari wake, na anateka maji mwenyewe.

Sisemi kwa ubahili. Natumia akili tu. Ile ya miezi mitatu kwa sasa tuiache.

Usinichukulie vibaya.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika. Sote hatujambo.

Nilimsomea Mama nilivyoagizwa. Akauliza, "Barua ni fupi, au wewe ndiye unasoma mbio?" Nikamwambia ni fupi. Akaomba aishike mwenyewe. Unajua hasomi, lakini alikaa nayo mapajani mpaka chai yake ikapoa.

Habari ya ada nimekuelewa. Wewe ndiye mkubwa, na pesa ni zako. Nilipita zahanati nikamweleza Daktari Taratibu. Alisema maneno mawili matatu ambayo hayana haja ya kuandikwa.

Tarehe ya daktari ilipofika, Mama alivaa viatu akakaa kitini mlangoni. Nikamwambia safari hii hatuendi, dawa nimeshamnunulia. Hakuniuliza kwa nini. Alivua viatu akavirudisha chini ya kitanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na jibu nilikuwa nalo kichwani. Kule kutoulizwa ndiko kulikonichosha.

Mdogo wako


2 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Ni siku nyingi, najua. Wifi yako hajambo ila usingizi hana, na sababu utaiona.

Mama anakohoa. Ni kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa, kinamkaba akianza kulala na kumwacha alfajiri. Nikueleze tangu mwanzo.

Mwishoni mwa Machi ile dawa yake ya presha iliadimika, maduka yote matatu. Muuzaji akaniambia nenda hospitali wakuandikie nyingine. Nikampeleka Mama hospitali kubwa kama ulivyosema. Tulifika asubuhi na mapema, tukaonwa alasiri. Daktari kijana, mpole, mwenye haraka. Alimuuliza, "Mama, unatumia dawa gani?"

"Nyeupe ndogo, na ya manjano."

"Nyeupe ziko nyingi, Mama. Inaitwaje?"

"Mimi naijua kwa sura."

Nikampa kikopo. Akakisoma, akasema kuna dawa mpya, nzuri zaidi, akaiandika. Akaagiza damu ipimwe upya, na mkojo, na moyo, maana yeye alikuwa hamjui Mama na hakutaka kubahatisha. Simlaumu. Kichwa ninachokinyoa miaka kumi najua kovu liko wapi hata nikifumba macho, lakini mgeni akikaa kitini kwangu lazima nianze kwa kupapasa. Kwangu kupapasa ni bure. Kwao kila anapoguswa kuna risiti.

Wiki mbili baadaye kikohozi kikaanza. Tukarudi. Daktari mwingine, daftari jingine. Huyu akampiga picha ya kifua, akampa vidonge vya kuua vijidudu na dawa ya maji. Hakikupungua. Tukarudi tena. Wa tatu, mama mtu mzima, akasema isije ikawa kifua kikuu. Tukapeleka makohozi siku tatu mfululizo, na Mama makohozi hana, alikuwa anajikamua tu ili asiwaudhi. Majibu yakaja hana kitu. Madaktari watatu, na kila mmoja alianza kwa kumuuliza Mama ana miaka mingapi.

Nimeuza kiti kimoja cha saluni, kile cha kuzunguka. Nanyoa kwa kimoja. Kama una chochote, tuma.

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenikosesha raha. Nimeweka humu nilichonacho. Najua ni kidogo, usinijibu kwamba ni kidogo.

Ila na wewe nikuulize. Ulipoona kikohozi hakiishi, kwa nini hukurudi kwa Daktari Taratibu? Mimi nilisema tuache ada, sikusema Mama asikanyage pale maisha yake yote. Mwanamume mzima, fundi wa watu, unasubiri dada aliye mbali akuandikie kila hatua? Kiti umekiuza bila hata kuniambia. Baba alikinunua kwa taabu, wewe unajua.

Nisamehe. Nimeandika nikiwa nimechoka, na karatasi sina nyingine.

Mwambie Mama anywe maji ya moto. Mwambie nitakuja.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Shikamoo. Keti kwanza ndipo usome.

Tarehe 31 Mei, asubuhi, Mama alikuwa anakunja shuka yake. Wifi yako alimsikia anaita, lakini jina halikutoka, ilitoka sauti tu. Alipoingia akamkuta ameegemea ukuta na mdomo umekwenda upande. Upande wa kulia wote haufanyi kazi. Wamesema presha ilipanda mpaka mshipa wa kichwani ukashindwa. Yuko wodini, kitanda cha tatu kutoka dirishani. Anatujua. Akiniona machozi yanatoka jicho moja, kwa hiyo nimejifunza kukaa upande ule mwingine.

Siku ya nne Daktari Taratibu alitokea wodini. Mimi sikumwita. Mwenye duka la rangi ndiye aliyempa habari. Alikuja na mkoba wake na kadi ya Mama kwapani, akavuta kiti, akaomba kuona dawa zote ambazo Mama alikuwa anapewa. Nikamwagia kitandani mfuko mzima. Akachukua ile mpya ya presha, akaigeuza, akauliza, "Kikohozi kilianza lini?" Nikamwambia wiki mbili baada ya hiyo. Akafungua kadi, akarudi nyuma kurasa nyingi, akaniwekea kidole. Ni miaka tisa iliyopita. Mwandiko wake: Dawa za jamii hii humkohoza. Asipewe tena.

Ni mstari mmoja tu, dada. Kuusoma hakuchukui muda wa kuvua kofia. Picha ya kifua, vile vidonge, makohozi ya siku tatu, kiti cha Baba, vyote vilikwenda kutafuta mstari uliokuwa umelala kwenye droo, kilimani tu hapo.

Halafu akamuuliza wifi yako kwa sauti ya chini, "Alikuwa anazimeza kweli?" Wifi akasema anampa mwenyewe mkononi kila asubuhi. Lakini alipokwenda nyumbani kubadilisha matandiko, alivikuta ndani ya foronya. Vidonge ishirini na saba. Mama aligundua peke yake kitu ambacho hospitali nzima haikukigundua, kwamba akiimeza anakohoa. Kwa hiyo akaacha kuimeza, na hakutaka kutusumbua kwa kusema. Kikohozi kilikuwa kimeanza kupungua, sisi tukadhani ni maji ya moto.

Nilimuuliza Daktari kama angemwona Aprili ingekuwaje. Akasema, "Ningebadilisha kidonge kimoja." Akaifunga kadi.

Wodini tunalipia kitanda, tunalipia dripu, tunalipia hata glavu. Nimepiga hesabu mara moja tu na sitarudia. Siku hizi tisa zingemlipa Daktari Taratibu miaka sita.

Njoo, dada. Usitume kitu, njoo wewe.

Mdogo wako


16 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikairudia nimekaa kama ulivyosema.

Ruhusa sijapata. Msimamizi wetu ni mgumu na kuna oda kubwa ya mashati. Mwezi ujao bila shaka. Kuna mtu hapa alipooza upande kama Mama, sasa anatembea na fimbo na kugombana na majirani. Mama ni mkaidi, ukaidi wake utamwinua. Mkande mkono ule kila asubuhi na jioni, usiuache ukakakamaa.

Sehemu hii msomee yeye, msogelee sikio zuri.

Mama, ni mimi. Najua unawadharau manesi, umeanza vizuri. Nikija nitakusuka ile mistari midogo midogo uliyonikataza kusuka nilipokuwa shule. Usiogope gharama, hiyo ni kazi yetu. Wewe kazi yako ni kumeza dawa hadi mwisho na kufungua mdomo uwaonyeshe ulimi kwamba umemeza. Nisubiri. Sichelewi.

Dada yako


18 Juni

Dada,

Mama amefariki. Ni tarehe 14, Jumapili, saa nne asubuhi. Mimi na wifi yako tulikuwepo. Hakuteseka mwishoni, alivuta pumzi ndefu, tukasubiri nyingine haikuja. Tumemzika jana, karibu na Baba, upande wa kushoto alioutaka.

Tulikungoja siku mbili. Ndiyo maana mazishi yalichelewa.

Jumapili ile ile nilimwamsha mtu wa posta nyumbani kwake afungue nipige simu kiwandani. Mlinzi akasema nipige Jumatatu. Jumatatu nikapiga, nikapokewa na karani. Nikamwambia namtafuta dada yangu, anafanya kazi kwenye kola, mama yetu amefariki. Akasema nisubiri. Nilisikia anageuza karatasi. Kisha akasema, "Pole sana, kaka. Huyu tulimwachisha kazi Januari, yeye na wenzake kumi na saba."

Nikamwambia amekosea, akanisomea jina la Baba.

Sikuulizi kitu. Nakuandikia nilichoambiwa, basi.

Mdogo wako


2 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta kazini. Niliisomea kwenye chumba cha pasi, nikaikunja, nikamaliza shuka zilizobaki. Zilikuwa arobaini. Usiniulize kwa nini nilimaliza. Mikono ilikuwa inakwenda yenyewe.

Naosha shuka kwenye nyumba ya wageni. Nilianza Februari. Kiwandani walituita tarehe 9 Januari, asubuhi, hata mashine hazijawashwa. Wakatusomea majina kumi na nane. Barua yako ya tarehe 11 ilikuja kunikuta nimeshakaa siku kadhaa bila kazi, na ulikuwa unanisifia kola. Nilikaa nayo mwezi mzima nikitafuta namna ya kukujibu.

Miaka kumi na minne nimekuwa ndiye anayetuma. Kila nikirudi nyumbani mnanipa kiti kizuri. Nilijiuliza nikiandika "sina", nitakuwa nani huko. Ndipo nikaandika yale ya kiatu kizima na bibi wa miaka themanini. Huyo bibi hayupo, mdogo wangu. Nilimtunga.

Ningekuambia sina, ungepata njia. Wewe ni mtu wa watu, ungekopa, ungeongea na Daktari, ungeuza hicho kiti Februari badala ya Aprili, na Mama angekuwa hai. Lakini nilikuambia haina haja, na wewe ukanitii kwa sababu ni dada yako. Na pale uliponiita njoo, nilikuwa na nusu ya nauli. Ile nusu nyingine nikaiita msimamizi.

Wanawake ninaofanya nao kazi wamenichangia sukari na wakakaa na mimi jioni mbili. Hawakumjua Mama. Niliwasimulia habari za bei ya rangi wakacheka, nikashukuru kwamba kuna aliyecheka.

Kama hutaki kunijibu, nitaelewa. Ila niandikie kama alisema lolote kabla mdomo haujafunga. Hata kama ni baya.

Dada yako


27 Julai

Dada yangu,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Barua yako ya tarehe 16, ile ya kumsomea Mama, ilifika wiki moja baada ya mazishi. Wifi yako alitaka tuichome. Nimeiweka.

Umejibebesha mzigo wote, na si wako wote. Nilikuandikia Machi kwamba Daktari Taratibu alisema maneno yasiyo na haja ya kuandikwa. Maneno yenyewe ni haya: "Mlete tu. Ada mtalipa mkipata. Huyu ufa wake naujua, nauziba kidogo kidogo kila mwezi. Mkiniondolea, mtakuja kujenga ukuta." Nami nikamjibu, "Dada ameshaamua." Nilisema hivyo nikiwa na hasira na wewe. Nilitaka lolote litakalotokea liwe lako. Halafu kuna aibu. Mimi sinyoi bure, nikaona na mama yangu hatatibiwa bure. Aprili, kikohozi kilipozidi, nilipita nje ya zahanati mara mbili, nikaona mlango uko wazi, nikanyoosha njia. Nilikwenda kupanga foleni ya wageni nikawalipa mara kumi, ili nisionekane nimerudi kuomba.

Hilo ni langu. Sasa kuna jambo jingine. Nimekaa nalo siku tatu, na wifi yako aliniambia nisikuandikie. Lakini umeuliza kama Mama alisema lolote.

Siku ya arobaini na moja nilikwenda kumlipa Daktari kwa ile siku aliyokuja wodini. Alikataa. Akanikalisha kwenye kile kiti cha Mama, akanifunga mpira mkononi bila kuniuliza. Presha yangu nayo iko juu. Nina kadi sasa. Wakati anaandika, akaniambia Mama alikuja kwake mwezi wa nne, peke yake.

Sikuamini. Kile kilima, na miguu ile. Akasema alimwona kwa dirisha, amekaa kwenye ngazi za duka la rangi, amevaa vizuri. Alingoja aingie, hakuingia. Akamfuata nje. "Mbona umekaa huku?" Mama akasema amekuja kumsalimu tu, na sasa ameshamwona. Daktari akakaa naye pale pale kwenye ngazi. Alimpima presha, ikawa juu. Kikohozi kilikuwa hakijaanza, na dawa mpya ya hospitali Mama hakuitaja. Akamwambia ingia ndani, hudaiwi kitu. Mama akakataa.

Nakuandikia maneno yake kama Daktari alivyonipa. Mama alisema, "Binti yangu hana kazi. Hajasema. Barua zake zilikuwa zinanuka mafuta ya mashine, hii ya mwisho inanuka sabuni. Nikiingia mle, huyu wa kiume atapata la kumwandikia dada yake, atamuuliza, na yeye atalazimika kusema. Siku akiwa tayari atasema mwenyewe. Mimi acha nipumzike kidogo."

Daktari alimpa vidonge vya wiki mbili kutoka mkoba wake, akamwapisha arudi. Mama aliviweka kwenye kitambaa akafunga fundo. Hakurudi. Sijui kama alivimeza. Daktari anasema alipaswa kutufuata nyumbani, lakini siku ile kulikuwa na watu kumi na wawili kwenye benchi, na kesho yake wengine kumi na wawili. Alipofika hapo alivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Wakati wanaongea mimi nilikuwa saluni, hatua mia mbili kutoka hapo. Na jioni Mama aliniambia alikwenda kwa jirani.

Kwa hiyo alijua, dada. Tangu mwanzo. Haikumpunguzia kitu kwamba hutumi. Kiti chako kizuri alikuwa bado anakiwekea mto.

Sikuandikii ili nikuumize. Nimeandika kwa sababu sisi watatu tulifichana vya kutosha.

Mdogo wako


20 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba, na wifi naye.

Nilikuwa sijui mtu anaweza kulia huku anapiga pasi mpaka barua yako ilipokuja. Mwenye nyumba ya wageni aliniambia nipumzike siku moja, nikakataa. Nyumbani kwangu kuna ukuta na kitanda tu, huku angalau kuna mvuke.

Nimeisoma sehemu ile ya ngazi mara nyingi. Mwanzo nilimkasirikia Mama. Nikasema, nani alikuomba uninyamazie? Ungenigombeza tu kama siku zote. Ungemwambia mdogo wangu aniandikie, "Mama anauliza kama bado una kazi," na ningekuwa na aibu wiki moja, na wewe ungeishi miaka kumi zaidi. Sasa hasira imekwisha. Amenilinda nisione aibu, kwa bei hiyo. Hilo sijui nitaliweka wapi.

Wewe sina la kukusamehe. Kama unataka nilitamke nitalitamka, nimekusamehe. Na wewe ukiweza, siku ukiweza, nitamkie mimi. Si lazima iwe kwa barua.

Meza dawa zako. Mwambie Daktari mimi ni dada yako, na kwamba ukikosa tarehe aniandikie mimi moja kwa moja, anwani wifi atampa.

Nimeomba siku tano nikapewa. Nitafika Alhamisi ijayo, asubuhi. Usifunge saluni kwa ajili yangu na usiwaite watu. Nitashuka, nitakwenda makaburini kwanza. Umesema ni upande wa kushoto wa Baba, nitapaona. Nitakaa naye mpaka jua liwe kali, halafu nitatembea mpaka nyumbani. Kama mchana utakuwa umepita na hamjaniona, njoo unichukue.

Dada yako